Betri Juu ya Maweni

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mtambo wa umeme wa jua huanza, karibu kila mara, kwa kulisifu jua. Kurasa za mbele zinatuhesabia saa za mwanga, tani za hewa ukaa zitakazoepukwa na ajira za vijana wa shehia. Mimi huisoma kutoka nyuma, penye viambatisho: ramani ya udongo, kumbukumbu za mashimo yaliyochorongwa kupima mwamba, na mchoro wa uwanja wa betri. Kwa mtambo unaotaka kujengwa Unguja, viambatisho hivyo vitatu ndivyo vinavyoonyesha kama kazi imefanywa au karatasi zimejazwa, kwani kisiwa hiki kinakunywa maji yaliyokaa ndani ya mwamba uleule ambao watu wa umeme wanauona kuwa ardhi isiyo na kazi.

Nayasema haya sasa kwa kuwa mambo yameshaanza kwenda. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa mradi wa nishati wa Zanzibar unaojulikana kwa kifupi chake, ZESTA, na ndani yake mna umeme wa jua pamoja na betri za kuuhifadhi. Mwaka 2023 yakafuata makubaliano na wawekezaji binafsi ya umeme wa jua wa megawati 180. Safu hii haihukumu ripoti ya mradi wowote kati ya hiyo. Inasema cha kutafuta ripoti za aina hii zinapowekwa mezani, na mahali ambapo kwa kawaida huwa zinapwaya. Niongeze kuwa umeme huu nautaka. Anayeutaka ndiye mwenye haja zaidi ya kuona umejengwa mahali pake.

Tuanze na sababu ya kuuhitaji. Unguja inaishi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba. Wa kwanza, wa megawati 45, ulilazwa mwaka 1980. Wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani kupitia shirika lake la misaada, MCC. Kabla ya huo wa pili kufika, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kikazimika tena Desemba 2009 na kukaa hivyo hadi Machi 2010. Taa zilipozimika pampu zilisimama, na maji yakakatika pia. Baada ya hapo ndipo Mtoni palipojengwa kituo cha majenereta ya dizeli ya dharura.

Historia hiyo huchomekwa katika utangulizi wa ripoti kama hoja ya kujenga betri, na hapo ndipo msomaji anapaswa kutoa kalamu. Chukua mfano wa mtambo wa megawati 20 wenye betri ya megawati-saa 40, kipimo cha kawaida kwa kisiwa. Betri hiyo ikitoa nguvu zake zote inakwisha kwa saa mbili. Inafaa sana kubeba mzigo wa jioni watu wanaporudi nyumbani na hoteli zinapowasha kila kitu kwa pamoja. Inafaa pia kutuliza volti na masafa ya umeme, jambo ambalo mwenye friji iliyowahi kuungua halihitaji maelezo. Lakini haiwezi kukivusha kisiwa miezi mitatu bila waya. Kinachoweza kusaidia katika hali ile ni inveta zenye uwezo wa kuanzisha na kushikilia gridi zenyewe, bila kusubiri umeme wa Bara, ili paneli zifanye kazi mchana sambamba na majenereta na dizeli ipungue. Inveta za namna hiyo zinaagizwa mapema na bei yake iko juu kidogo. Ripoti ikitaja giza la 2009 bila kusema inveta zitakazofungwa ni za aina gani, imeazima huzuni ya watu kwa jambo ambalo haijaahidi kulitibu.

Udhaifu huohuo uko katika sura ya njia mbadala. Sheria zetu, ya Zanzibar ya mwaka 2015 na ya Bara ya mwaka 2004, zinataka mwombaji aeleze njia nyingine alizozipima, ikiwamo ya kutojenga kabisa. Sura hii huandikwa kwa kurasa mbili za haraka: dizeli ni chafu, upepo hautoshi, kwa hiyo jua. Hesabu ya hewa ukaa nayo hufanywa kana kwamba kila uniti ya jua inaondoa uniti ya dizeli. Sivyo. Uniti inayopita kwenye waya leo inatoka katika gridi ya Bara yenye gesi na maji, na Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Hewa ukaa itakayookolewa ipo, ila ni ndogo kuliko inavyopigiwa chapuo.

Njia mbadala zenye uzito ni nyingine. Mapaa ya hoteli, maghala, masoko na majengo ya serikali yanaweza kubeba paneli ngapi kabla hatujagusa konde la mtu? Betri inaweza kujengwa peke yake, bila shamba la paneli, kwenye kituo cha umeme ambacho tayari kina uzio, barabara na transfoma? Betri haihitaji kulala karibu na paneli. Inachajiwa na umeme wowote ulioko kwenye gridi, na eneo inalochukua ni dogo mno. Kuvitenganisha hivi viwili kwenye karatasi kunafungua uwezekano wa kuweka paneli penye ardhi inayostahimili paneli, na betri penye ardhi inayostahimili betri. Mara nyingi hizo ni ardhi mbili tofauti, na ripoti chache sana huliona hilo.

Sasa ardhi yenyewe. Mtambo wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, una megawati 50 juu ya hekta 85. Kwa kiwango hicho megawati 20 zinataka hekta 34, sawa na ekari 84. Mzanzibari ataielewa hesabu hiyo kwa njia nyingine: ni viwanja 28 vya eka tatu, zile ambazo serikali iligawa baada ya Mapinduzi ya 1964. Megawati 180 zinafika hekta 306. Kwenye nyika ya Garissa kiasi hicho hakionekani. Kwenye kisiwa ambacho ukitoka mjini asubuhi unafika Makunduchi kabla chai haijapoa tumboni, kinaonekana.

Hakuna atakayethubutu kupendekeza kung'oa mikarafuu na minazi ya upande wa magharibi, penye udongo wa kina. Kwa hiyo macho yote yanaelekea mashariki na kusini, kwenye maweni, ambako jiwe la matumbawe limetokeza juu na udongo umebaki katika mifuko midogo kati ya mawe. Mpimaji akipita na ramani ya satelaiti anaandika "kichaka". Mwenyeji anayepita hapohapo anaona konde la mtu lililolala. Maweni hulimwa kwa kupumzishwa: kichaka kinafyekwa na kuchomwa, mtama, kunde au muhogo unapandwa penye udongo, kisha mahali panaachwa miaka kadhaa papate nguvu. Kinamama wanakata kuni humo, wengine wanachoma makaa na chokaa, na mabonge ya mawe yanapasuliwa kokoto. Karibu hakuna kinachoachwa bila matumizi, ila hakuna kinachoonekana siku mpimaji anapopita.

Sheria ya umiliki wa ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inaiweka ardhi mikononi mwa umma, na mtu anabaki na haki ya kuitumia. Miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na ardhi inayoibeba, kama desturi ilivyokuwa siku zote. Fidia, kwa hiyo, hufuata kilichopandwa. Mwenye minazi 40 atahesabiwa minazi 40. Aliyeacha konde lake lipumzike mwaka wa tatu hana mti wa kuonyesha, na anayeokota kuni hana hata konde. Tathmini ya kijamii inayoanza na orodha ya mimea ya kudumu itawaacha watu hawa nje tangu ukurasa wa kwanza wa jedwali, na hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Dawa yake ni kazi ya miguu: kupita eneo pamoja na wanaolitumia, katika misimu miwili, na kuandika nani anachukua nini wapi. Haigharimu sana. Inachelewesha, na kuchelewa ndiko wawekezaji wanakokuchukia.

Kuhusu wanyama nitapita haraka, ingawa wenzangu wa viumbe hai watanilaumu. Vichaka vya maweni ndivyo makazi ya paa nunga, na kwenye misitu yake yuko kima punju, asiyepatikana porini kwingine duniani isipokuwa Zanzibar. Utafiti wa siku chache za kiangazi hautamwona paa nunga, kwa sababu kujificha ndiyo kazi yake. Uzio wa waya uliofika chini unamkatia njia, na kuuinua kidogo kutoka ardhini ni jambo jepesi likisemwa kabla zabuni haijatangazwa. Laini ya umeme inayotoka mtamboni nayo husahaulika, kwa kuwa mara nyingi inaombewa kibali peke yake. Diani, kusini mwa Mombasa, mbega wamekuwa wakinaswa na umeme kwenye nyaya zilizo wazi kwa miaka mingi, na watu wa huko wamelazimika kuziba nyaya na kupogoa miti baada ya madhara kutokea. Kibali cha mtambo kisichotaja laini yake ni kibali cha nusu mtambo.

Maji ndiyo yanayostahili kurasa nyingi zaidi. Aliyewahi kushuka pango la Mangapwani ameona maji matamu yametulia chini ya mwamba, na ameelewa bila somo jinsi jiolojia ya hapa ilivyo. Jiwe la matumbawe lina nyufa, mashimo na mapango. Mvua ya masika ikipiga haikimbii juu kama inavyofanya kwenye udongo wa mfinyanzi, inazama. Chini inakuta maji mengine, na maji hayo matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Udongo mzito ungechuja na kuchelewesha kilichomwagika. Ufa wa jiwe hauchuji. Mafuta ya transfoma au dawa ya magugu iliyomwagwa asubuhi yanaweza kuwa ndani ya maji kabla aliyemwaga hajaondoka eneo hilo.

Dawa ya magugu si mfano wa kutunga. Paneli zinataka majani yawe mafupi chini yake, na njia ya bei rahisi kwa mkandarasi ni kunyunyiza. Marekani na Ulaya wengi sasa hufuga kondoo chini ya paneli. Mbuzi hawafai, wanapanda juu na kutafuna nyaya, na Unguja mbuzi ndio tunao. Basi liandikwe wazi: majani yatafyekwa kwa mkono, ajira iwe ya watu wa shehia, na dawa isiingie kabisa ndani ya uzio. Sharti la sentensi moja kama hilo linafanya kazi kuliko kurasa 20 za "mpango wa usimamizi wa kemikali".

Tufike kwenye uwanja wa betri. Katika ripoti nyingi betri inapewa aya chache, kama kabati la umeme lililosimama pembeni. Kwa macho yangu hiyo ndiyo sehemu ya mradi iliyo kiwanda hasa. Megawati-saa 40 ni makontena manane ya futi 20 ikiwa kila moja linabeba megawati-saa tano, na kontena moja la aina hiyo linakaribia tani 40. Ndani yake mna maelfu ya seli. Seli moja ikiharibika, kwa kasoro ya kiwandani, kwa maji ya kupozea yaliyovuja au kwa kuchajiwa kupita kiasi, inaanza kuzalisha joto lenyewe, na joto hilo linaipasha seli ya jirani hadi nayo inaanza. Zinatoka gesi: hidrojeni, kaboni monoksidi, na floridi ya hidrojeni inayochoma macho na mapafu. Huna cha kuzima, maana hakuna moto mmoja; kuna mnyororo.

Mambo haya yana kumbukumbu. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise jimboni Arizona, betri ndogo ya megawati-saa mbili ilianza kutoa moshi. Gesi ya kuzimia moto ilijimwaga kama ilivyopangwa, lakini mnyororo ukaendelea kimyakimya ndani. Saa kadhaa baadaye wazimamoto walifungua mlango, hewa ikakutana na gesi iliyojikusanya, na mlipuko ukawajeruhi vibaya wanne kati yao. Tarehe 16 Aprili 2021 mlipuko wa kituo cha betri jijini Beijing uliua wazimamoto wawili. Betri za Beijing zilikuwa za lithiamu zenye chuma na fosfati, zile ambazo kila muuzaji anatuambia haziwaki. Ni kweli zinapata joto taratibu zaidi kuliko zile za nikeli na kobalti, na zikinunuliwa nitafurahi. Gesi zinazotoa zikifungiwa ndani ya kontena, hata hivyo, zinalipuka sawasawa.

Kisha Moss Landing, California, tarehe 16 Januari 2025. Betri za megawati 300, za nikeli na kobalti, zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo la zamani la mitambo ya mvuke, pembeni ya mkono wa bahari uitwao Elkhorn Slough wenye mabwawa ya chumvi, ndege na samaki. Zaidi ya watu elfu moja waliambiwa wahame, barabara kuu ikafungwa, moto ukaachwa ule mpaka ushibe. Siku chache baadaye wanasayansi wa chuo kikuu cha San José walikuta nikeli, manganizi na kobalti kwa viwango vya juu isivyo kawaida kwenye udongo wa juu wa mabwawa yale. Ukisoma habari hiyo ukiwa Zanzibar, unachokiona ni Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja.

Makosa makubwa ya Moss Landing yalikuwa ya mpangilio: betri nyingi chini ya paa moja, aina ya seli yenye hasira zaidi. Miradi mipya hupanga makontena nje, yakiwa yameachana, yenye milango ya kupumulia gesi na vifuniko vinavyofyatuka mlipuko ukitokea ili nguvu iende juu. Vipimo vipo pia. Marekani kuna kanuni ya NFPA 855, na kuna jaribio liitwalo UL 9540A, ambalo seli na kontena husika huchomwa makusudi ili ionekane moto unafika wapi. Nikipewa nafasi ya kuongeza sharti moja tu kwenye hadidu za rejea za mshauri, ningetaka matokeo ya jaribio hilo, ya modeli ileile itakayonunuliwa, yawe ndani ya viambatisho.

Hapo ndipo unapokutana na sentensi ninayoikuta mara kwa mara: "Aina ya betri itaamuliwa na mkandarasi katika hatua ya usanifu wa mwisho." Kibiashara naielewa. Bei za betri zinashuka kila mwaka na hakuna anayetaka kujifunga. Lakini maana yake ni kwamba mamlaka inaombwa itoe cheti kwa kitu ambacho hakijachaguliwa. Njia ya haki ni moja kati ya mbili. Ama ripoti ipime hali mbaya kuliko zote, kwa seli kali kuliko zote na idadi kubwa kuliko zote, na cheti kifuate kipimo hicho. Ama cheti kiseme waziwazi kwamba uwanja wa betri hautaguswa mpaka tathmini ya nyongeza iwasilishwe na kuwekwa hadharani.

Turudi kwenye maji kwa hesabu ndogo. Wazimamoto wa leo hufundishwa kuliacha kontena linaloungua liungue na kuyapoza majirani zake. Mpira mmoja wa lita 1,000 kwa dakika, ukifanya kazi siku nzima, unamwaga mita za ujazo 1,440. Siku hiyo ikiangukia masika, mvua ya milimita 100 juu ya uwanja wa nusu hekta inaongeza mita za ujazo 500. Jumla ni lita karibu milioni mbili, sawa na maboza 194 ya lita 10,000, yakiwa yamebeba floridi, metali na masizi, yote juu ya jiwe lenye nyufa. Kwa hiyo uwanja wa betri Unguja lazima uwe na sakafu isiyopitisha maji, ukingo, na bwawa lililotandikwa utando lenye ujazo huo, lenye valvu inayokaa imefungwa na kufunguliwa tu maji yakishapimwa. Utaona ripoti zenye bwawa la maji ya mvua lililopimwa kwa mvua peke yake. Moto umesahauliwa. Na utakuta pia kwamba maji ya kuzimia yatatoka kwenye kisima kitakachochimbwa hapohapo ndani ya uzio, kisima kilekile ambacho siku ya moto ndicho kitakachokuwa njia fupi kuliko zote ya kuingiza sumu ardhini.

Moshi una hesabu yake, na hapa wageni hukosea kirahisi. Modeli ya kompyuta ikipewa upepo wa wastani wa mwaka inatoa duara zuri kuzunguka mtambo. Unguja haina upepo wa wastani. Ina kaskazi na ina kusi. Mtambo uliowekwa salama kwa kusi unaweza kuwa na skuli mbele ya moshi wake wakati wa kaskazi. Kaskazi ndio msimu wa joto kali, vipoza hewa vya makontena vinahangaika, na hoteli zimejaa. Ningetaka ramani mbili, moja kwa kila upepo, zenye majina ya vijiji, skuli na vituo vya afya. Na kabla ya cheti, barua ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi inayosema wameuona mchoro, wanajua milango ipi haifunguliwi, na gari lao litafika kwa dakika ngapi.

Nani atayajua haya kabla hayajaamuliwa? Baraza la rufaa za mazingira la Kenya (National Environment Tribunal) lilijibu swali hilo kwa ukali tarehe 26 Juni 2019, lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, na orodha za mahudhurio zilikuwapo. Ila ilikuwa mikutano ya utangulizi, ya kabla ya utafiti, na watu hawakurudishiwa matokeo kwa namna wanayoweza kuyajadili. Makaa ya mawe na jua ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini utaratibu ni uleule, na mradi msafi unaweza kuangushwa kwa kosa lilelile. Kanuni za Bara zinataka muhtasari wa Kiswahili. Muhtasari huo kwa kawaida unakuwa na sura ya jua na ajira. Uwanja wa betri unabaki kwenye kurasa za Kiingereza. Mkutano unaofaa ni ule ambapo sheha ana ramani ya moshi ukutani, kinamama wa kuni wamekaa mbele, na mhandisi anaulizwa bwawa lina ujazo gani.

Limebaki suala la mwisho wa betri, ambalo ripoti hulimaliza kwa mistari miwili: vifaa vitarejeshwa kwa mtengenezaji au kupelekwa kwa mrejelezaji aliyesajiliwa. Paneli zinaweza kukaa miaka 25. Betri zitachoka katika miaka 10 hadi 15, maana yake zaidi ya tani 300 za taka hatari zitaondoka kisiwani angalau mara moja kabla mtambo wenyewe haujafungwa. Zitaondoka kwa meli, kwa masharti ya Mkataba wa Basel, kwa ridhaa ya nchi inayopokea na zile zinazopitiwa, na zilizoharibika hukataliwa na makampuni mengi ya meli. Mtengenezaji aliyeahidi kuzipokea mwaka huu huenda asiwepo tena mwaka 2040.

Pwani yetu inajua taka za betri zinavyofanya zikikosa mwenyewe. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri chakavu za magari kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014 ukutani mwa makazi ya watu. Watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido na majirani zake walipigania haki, mahakama ya mazingira ikawapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kemia ya lithiamu si ya risasi. Kilichofanana ni soko: kitu kizito, chenye metali ya kuuzika, kikikosa fedha za kukisafirisha kwa usalama kitatafuta mtu wa kukivunja kwa nyundo.

Fedha hizo hupatikana kwa njia moja tu ya uhakika, kuwekwa kando tangu mwanzo. Sheria ya mazingira ya Bara na ile ya Kenya zote zinaijua dhamana ya mazingira, mwekezaji anayoiweka na kurudishiwa akishasafisha. Kwa betri dhamana inapaswa kuhesabiwa kwa gharama ya kuzitoa kisiwani zikiwa mbovu, pamoja na meli, bima na ada ya mrejelezaji, na ikaguliwe upya kila miaka michache kwa sababu bei hizo hazitulii. Gharama hiyo ikiingizwa kwenye bei ya uniti ni ndogo. Isipoingizwa, italipwa na bajeti ya serikali au na kisima cha mtu. Mahali pake ni ndani ya mkataba wa kununua umeme, na mkataba huo mara nyingi unakuwa umeshatiwa saini kabla ripoti ya mazingira haijafika mezani.